Vifuniko Vitatu vya Mjomba Duri

Nyumbani kwa Kyria Androulla,
Kato Vryssa,
Kupro.
Alhamisi, 26 Februari.

Mpendwa Mjomba Duri,

Habari za siku nyingi, na za huko mlimani? Natumaini barua hii itakukuta umeketi karibu na jiko, goti limetulia, na theluji iliyo juu ya paa la zizi haijakupandisha ngazi tena. Staila ameshazaa? Mama aliniambia kwenye simu kwamba ulilala zizini siku mbili ukimsubiri, naye akakaa anacheua tu kama hakuna linalomhusu. Nisalimie ng'ombe huyo mkaidi.

Mimi mwilini sijambo. Nakula, nalala, na miguu ina nguvu kuliko ilivyowahi kuwa. Hapo ndipo uzima wangu unapoishia. Kwingine kote nimejaa kinyaa, Mjomba, na sijui nianze kukutapikia kutoka upande gani. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu wewe simu huipokei, na kwa sababu nikiyasema haya kwa mdomo nitayapunguza nusu.

Kwanza asante kwa kifurushi. Kilifika tarehe kumi, kamba yako bado imekaza fundo. Nyama kavu tuliimaliza jioni ile ile. Keki ya jozi ya Mama ilichukua siku mbili, kwa sababu kocha aliikata kwa rula. Na vile vifuniko vitatu vya chupa ulivyovikata kwenye chuchu za mpira za kunyonyeshea ndama, pamoja na kikaratasi chako, nilivipata pia. Hivyo nitavisemea mbele. Ndivyo vilivyonifanya nishike kalamu.

Nyumba tunayopanga ni ya mama mmoja mtu mzima, Kyria Androulla, yaani Bibi Androulla kwa lugha ya huku, anayekaa ghorofa ya chini. Ilikuwa nyumba safi siku tulipofika. Sasa kwenye bafu kuna minyororo ya baiskeli imelowekwa kwenye ndoo ya mafuta, na tunaoga tukiwa tumesimama kando yake. Kaptura za kuendeshea, zile zenye sponji ya makalio, zimeanikwa jikoni juu ya sufuria kwa sababu nje kunanyesha, na ukichemsha makaroni mvuke unapanda ndani yake halafu unarudi chini. Kila kitu unachoshika kinanata, maana siku nzima tunafyonza uji mtamu wa pakiti wa kutupa nguvu na zile pakiti tunazichomeka mifukoni. Glavu ambayo mtu amefutia kamasi kutwa nzima, jioni ndiyo hiyo hiyo anayoshikia mkate. Nilikulia kwenye samadi, wewe unajua, na sijawahi kuona samadi chafu kama jiko hili.

Juzi Kyria Androulla alipanda kuja kusoma mita ya umeme. Akasimama mlangoni, akatazama zile kaptura, akashika pua.

"Mimi nimelea watoto watano na punda wawili," akasema. "Nyie mmesoma, mna viatu vya kufungia kwenye baiskeli, na mnaishi hivi? Mama zenu wanajua?"

Nilimwambia mama yangu hajui. Akasema atamwombea.

Sababu ya kuja huku unaijua, lakini nairudia ili yanayofuata yaeleweke. Kwetu njia zote ziko chini ya theluji mpaka Aprili, kwa hiyo kila mwenye baiskeli ya milimani na ndoto kichwani hukimbilia kwenye joto miezi hii. Wengine huenda Afrika Kusini, wengine Hispania, sisi tumekuja Kupro. Urs, kocha wetu, ana nafasi moja tu ya mwanamke katika timu yake ya kiangazi, ile itakayozunguka kwenye mashindano makubwa. Alituleta watatu tuigombanie: mimi, Fadrina na Regula. Kipimo kilikuwa mbio mbili za hapa kijijini, Jumapili mbili mfululizo. Mwenye alama nyingi kwa jumla anachukua nafasi. Wawili wanarudi nyumbani.

Regula ni yule wa mjini niliyekuwa nikikulalamikia, anayekula tufaha kwa kisu na uma. Fadrina hahitaji kutambulishwa kwako. Amekukatia majani ya ng'ombe Julai tatu mfululizo, na ulisema ndiye mtu pekee wa rika letu anayejua kunoa mundu. Novemba alitimiza miaka ishirini na tisa. Siku ya kwanza hapa, tukipanga nguo kabatini, aliniambia, "Nikikosa mwaka huu, Ladina, nauza baiskeli narudi hospitali kufunga watu vidonda. Sina mwaka mwingine wa kubahatisha." Mimi nina ishirini na tatu. Nilimwambia asiseme hivyo, na nilimaanisha.

Sasa nikupe habari za chupa. Chupa zetu za maji hukaa chini kwenye fremu, nyuma kidogo ya gurudumu la mbele, mahali ambapo kila tope linaloruka linatua. Zinaponunuliwa huwa na kifuniko cha kukinga mdomo. Urs aliving'oa vyote siku ya kwanza akavitupa kwenye pipa, kisha akatupanga mezani kama watoto wa darasa la pili.

"Kufungua kifuniko ni sekunde mbili," akasema. "Unakunywa mara sita, ni sekunde kumi na mbili. Nani hapa hajawahi kushindwa kwa chini ya sekunde kumi na mbili?"

Hakuna aliyeinua mkono. Ndivyo tulivyo sisi watu wa mchezo huu, Mjomba. Tupo tayari kula mavi ili tusipoteze sekunde mbili, na tutakuambia hiyo ndiyo sayansi. Samahani kwa neno, ila utaona hakuna lingine linalofaa.

Jumamosi ya tarehe kumi na nne, siku moja kabla ya mbio za kwanza, mvua ilinyesha tangu alfajiri. Mchana tulikwenda kuikagua njia kwa miguu. Sehemu ya chini inapita ndani ya korongo jembamba, na tulipofika hapo tukakuta mchungaji, Kyriakos, anapitisha kundi lake, mbuzi na kondoo kama mia mbili, wamejaa kutoka ukingo mpaka ukingo. Urs akamwomba awapitishe kwingine kwa sababu kesho kuna mashindano.

"Kwingine wapi?" Kyriakos akamuuliza. "Hawa wanapita hapa tangu enzi za babu yangu. Nyie mmekuja juzi."

"Lakini wanaivuruga njia, mzee."

"Baiskeli zako ndizo zenye haraka, bwana mkubwa. Mbuzi wangu hawana."

Tukasubiri mpaka mkia wa mwisho ulipopita. Urs akachuchumaa, akachota tope kwa vidole viwili, akalisugua, akalinyoosha, akalitazama kwenye mwanga. Akasema ni la kunata, kesho tuvae matairi yenye meno marefu. Alipima kila kitu katika tope lile isipokuwa harufu. Mimi sikuhitaji hata kuinama. Nusu yake ilikuwa kinyesi kibichi.

Nilijua pale pale. Nilikukumbuka wewe na ile chupa yako yenye kifuniko cha bati ambayo kijiji kizima kinaicheka. Nilikumbuka ulivyotusimulia habari za mwaka ule ukiwa na miaka kumi na sita, ulivyokunywa kwenye kijito chini ya zizi la malishoni ukalala wiki tatu, na babu akaja na machela. Tangu nikiwa mdogo umenipiga vidole kila nilipoacha chupa wazi mahali penye mifugo. Kwa hiyo siwezi kukuambia kwamba sikufahamu. Watu wa mjini kama Urs na Regula hawakufahamu. Fadrina amekulia nyuma ya duka la baba yake la viatu, na kukata majani si kuchunga ng'ombe. Katika korongo lile mtu wa kufahamu alikuwa mmoja.

Usiku ule sikuwaza sana, nisikudanganye. Nililala vizuri. Jambo lenyewe lilifanyika asubuhi, dakika kumi baada ya kifungua kinywa. Niliingia chumbani, nikafungua begi, nikatoa kifuniko kimoja. Nilikifunga kwa uzi wa kushonea kwenye shingo ya chupa ili nikiking'oa kwa meno kibaki kinaning'inia. Nilikipaka rangi nyeusi ya kalamu Urs asikione. Vingine viwili vilikuwa pale pale, ndani ya kikaratasi chako, na maandishi yako yalikuwa juu. Nayaandika hapa usije ukafikiri nimeyasahau: "Kimoja chako, kimoja cha Fadrina, kimoja cha yule wa mjini unayemlalamikia. Huko nasikia kuna mbuzi wengi."

Fadrina akaingia wakati mkono wangu uko ndani ya begi. Alikuwa ametoka kunibania tairi la nyuma, kwa sababu mimi vidole vyangu havina nguvu hiyo, na mikono yake ilikuwa imechubuka.

"Unatafuta nini humo?" akaniuliza.

"Soksi," nikasema.

"Chukua zangu. Zile nene." Akanirushia.

Nikazivaa. Nilikimbia mbio zile nikiwa na soksi za Fadrina miguuni na kifuniko chako kwenye chupa yangu.

Mbio zenyewe sina hamu ya kukueleza. Mizunguko mitano, na kila mzunguko unaingia korongoni. Kufika mzunguko wa pili hakuna aliyekuwa na uso. Nilimwona Regula mbele yangu akivuta chupa yake, akaufuta mdomo wa chupa kwenye jezi iliyokuwa chafu kuliko chupa yenyewe, akanywa, akatema, akanywa tena. Mimi nilikuwa natoa kifuniko kwa meno, nanywa maji safi, nakirudisha kwa kidole gumba. Ni kweli inachukua sekunde mbili. Fadrina alinipita kwenye mzunguko wa nne akasema, "Twende, twende, shika gurudumu langu," na akanivuta nyuma yake, akinikingia upepo, mpaka kwenye kilima. Alimaliza mbele yangu kwa sekunde arobaini. Regula alikuja baadaye.

Pale mwisho watu walikuwa wanapiga picha, macho tu ndiyo yanaonekana. Fadrina alinikumbatia tukabandikana. Regula akajilamba midomo mbele ya kamera, akasema, "Tamu kama chokoleti." Wote wakacheka. Na mimi nikacheka, Mjomba. Hicho ndicho kicheko ninachokisikia nikijaribu kula.

Jumatatu ilipita. Jumanne asubuhi Regula aliinuka mezani ghafla na hakufika mlangoni. Kufika saa sita Fadrina naye alikuwa chini. Nyumba ina choo kimoja. Sitakuchorea picha yote, ila ujue ndoo ya kulowekea minyororo ilimwagwa ikapata kazi nyingine, na Fadrina, ambaye nimemwona akiangukia mawe akainuka anacheka, alikuwa amelala sakafuni nje ya choo shavu likiwa kwenye vigae kwa sababu kurudi kitandani ilikuwa safari. Homa ikapanda. Jumatano ikatoka damu. Mimi nilisafisha. Nilisafisha kila kitu kwa mikono yangu, mara tatu, mara nne kwa siku, na Fadrina akawa ananishukuru kila nikipita.

"Wewe una moyo, Ladina," akaniambia. "Wengine wangehamia hotelini."

Nilikwenda kusuuza tambara nikakaa huko muda mrefu kuliko inavyohitajika.

Sasa sikiliza hili, maana ndilo linaloniumiza pamoja na lile. Urs alitafuta mkosaji akampata karibu. Kyria Androulla alikuwa anatuletea jibini, analitengeneza mwenyewe kwenye sufuria lake la shaba. Urs alishuka chini, akasimama kwenye mlango wake akamwambia, kwa sauti ambayo majirani walisikia, kwamba jibini lake limewaua wanamichezo wake. Mama yule hakubishana. Alitoa mabakuli yote kwenye friji, kazi ya wiki mbili, akayabeba moja moja mpaka kwenye pipa la barabarani. Nilimwangalia kutoka dirishani. Nilijua si jibini. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekula jibini lile kuliko wote. Nikajiambia atakuja daktari atasema, na nikafunga dirisha.

Jioni mama huyo aliyeaibishwa alipanda na sufuria la maji ya mchele yenye ndimu kwa ajili ya wagonjwa. Akaliacha kwenye ngazi, hakuthubutu kuingia.

Daktari alikuja Alhamisi akachukua vipimo, akarudi Jumamosi na majibu. Ni mwanamke mfupi, msema haraka. Alisema vijidudu hivi ni vya kinyesi cha mifugo, na kwamba ana waendesha baiskeli wengine kumi na mmoja wa timu nyingine wenye ugonjwa huo huo, wote walikuwa kwenye mbio za Jumapili. "Mmekunywa mavi ya mbuzi," akamwambia Urs usoni. "Na mama wa chini ukamwombe radhi." Halafu akanigeukia.

"Na wewe ulikimbia?"

"Nilikimbia."

"Na huumwi?"

"Bahati," nikasema.

Akanitazama kidogo, akafunga mkoba wake. Urs alishuka kumwomba radhi Kyria Androulla. Alikwenda na bakuli jipya la plastiki kama zawadi.

Jumapili, mbio za pili, jua liliwaka na korongo likakauka. Kati ya watatu nilisimama mimi peke yangu kwenye mstari. Sikuhitaji hata kukimbia vizuri, nilihitaji kumaliza tu, na nilikimbia vizuri kuliko maisha yangu yote. Jumatatu kwenye kifungua kinywa Urs akatangaza. Fadrina alitoka chumbani na blanketi mabegani, amepungua kilo tano, akanipa mkono.

"Umestahili," akasema. "Angalau nafasi imebaki bondeni kwetu."

Nilitia sahihi karatasi ya Urs mezani pale pale, kalamu ikinata uji mtamu.

Nilivumilia siku moja. Jumanne nilimfuata Urs gereji nikamweleza vifuniko, kikaratasi, soksi, kila kitu. Nilitaka anifukuze. Alikuwa anapima upepo wa tairi, na hakuacha kupima.

"Ulinusa?" akaniuliza.

"Nilinusa."

"Na ukanyamaza?"

"Nikanyamaza."

Akatikisa kichwa taratibu, na Mjomba, alikuwa anatabasamu. "Miguu wanayo wengi, dada," akasema. "Kichwa kama hicho ndicho ninachokitafuta kwa miaka mingi. Usimwambie mtu. Na vile vifuniko, unaweza kumwomba mjomba wako atengeneze ishirini?"

Nimechukizwa na kaptura, na kamasi, na ndoo, na jibini kwenye pipa. Hakuna kilichonichukiza kama tabasamu lile, kwa sababu lilikuwa la mtu anayemtambua mwenzake.

Nikamwuliza kama nikijitoa nafasi ataipata Fadrina. Akasema hapana, Fadrina hana alama za mbio za pili, atamchukua msichana mmoja wa timu nyingine. Nikamwambia nitafikiri. Nimefikiri siku mbili. Sijajitoa. Nakuandikia hili waziwazi usije ukanidhania mwema kuliko nilivyo.

Fadrina nilimwambia jioni hiyo hiyo, amekaa kitandani anakunywa maji ya mchele. Nilianza na korongo nikaishia kwenye begi. Hakunikatiza. Nilipomaliza akauliza jambo moja tu.

"Vilikuwa vingapi?"

"Vitatu," nikasema.

Akaweka kikombe chini, akalala, akageukia ukutani. Regula alipewa habari na Fadrina, nadhani, kwa sababu jana alihamisha godoro lake sebuleni. Hajanitukana. Anakata tufaha lake tu.

Jana Fadrina alipanda baiskeli kwa mara ya kwanza, mwendo wa polepole tu wa kunyoosha miguu. Kabla hajatoka nilichukua kifuniko chake, nikakivisha kwenye mdomo wa chupa yake, nikaondoka gereji. Sikujua natafuta nini. Alirudi baada ya saa moja. Leo asubuhi nilipokaa kula nilikikuta juu ya sahani yangu, kando ya mkate. Alikuwa amekiosha kwa sabuni na kukikausha.

Anapanda ndege Jumamosi kurudi nyumbani. Kazi ya hospitali ameshaipigia simu, wanamchukua Aprili. Nilimsikia akimwambia Kyria Androulla, wakimenya ndimu pamoja huko chini, kwamba Julai atakwenda kukata majani kwa mzee Duri kama kawaida, maana ng'ombe hawajamkosea. Kwangu hasemi zaidi ya habari za asubuhi. Nilimwuliza kama atakueleza, akasema hilo si lake kueleza. Ndiyo maana nimeandika. Atakapopita mbele ya mlango wako na mundu begani, nataka uwe umeshajua unamkaribisha nani na umemlea nani.

Ndani ya bahasha utakuta vifuniko viwili. Cha Regula bado kina ule unga mweupe wa mpira mpya. Cha Fadrina ni kile kilichooshwa. Nimeshindwa kuvitupa na nimeshindwa kukaa navyo. Cha kwangu sikurudishii. Kesho tuna mazoezi, korongoni kumenyesha tena, na Kyriakos amepitisha kundi lake.

Nisalimie Mama na Baba, na uwaambie nimepata nafasi, kwa sababu wanasubiri. Mengine uwaambie wewe ukiona inafaa. Nisalimie jirani Baltisar na mkewe. Jumapili ni tarehe mosi Machi, watoto watapita na kengele kufukuza baridi. Watie jozi mifukoni kwa niaba yangu, na Mungu akulindie paa, zizi na goti lako mpaka majani yaote. Ukiniandikia, uandike ukiwa umekasirika. Usisubiri hasira ipoe.

Mpwa wako akupendaye, uliyemfundisha kufunika chupa,

Ladina